Enkoda ya elfu tano, puli ya mia tatu

Wasee, leo hakuna mbwembwe za kufungua. Niko na deni.

Miezi kadhaa iliyopita niliweka video nikisema kwamba kama unajijengea CNC nyumbani na unataka ikate thredi, nunua enkoda yenye namba kubwa kabisa ambayo mfuko wako unaweza kubeba. Niliyasema hayo nikiwa nimeishika mkononi, bado iko ndani ya nailoni yake, sijaifunga popote. Video ikatembea. Kati ya zote nilizowahi kuweka kuhusu mashine, hiyo ndiyo iliyonipa wafuasi wengi.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Eldoret akaniandikia inboksi. Alichukua pesa aliyokuwa ameweka ya karo, akanunua ile ile niliyoonyesha, akaifunga kwenye mashine yake, na sasa kila bolti anayokata inatoka takataka. Akauliza kwa heshima kabisa: "Bro, yako ulifanyaje?"

Yangu pia ilitoka takataka. Sema tu hiyo video sikuiweka.

Sasa naiweka kwa maandishi. Maoni yangu mapya ni haya: ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa enkoda ndiyo kitu cha mwisho cha kuangalia, na wengi wanaoitafuta hata hawaihitaji. Kinachoamua kama utapata thredi au skrapu ni pale enkoda inapokaa, na kile kinachoizungusha.

Kwa wale wamefika hapa na hawajui tunaongea nini: mimi nina kilethi kidogo cha mezani nilichonunua mitumba, nikakitoa gia za kukatia thredi, nikakiwekea stepa mota mbili na kompyuta kuukuu inayoendesha LinuxCNC. Thredi ni ule mtaro unaozunguka bolti. Ukitaka pichi ya milimita 2, kisu lazima kisogee milimita 2 kila spindo inapozunguka mara moja. Hiyo spindo, ile inayoshika na kuzungusha chuma, haiko chini ya stepa. Ina mota yake na inaenda kwa kasi yake, na kisu kikiingia kwenye chuma inapungua. Kompyuta haiwezi kubahatisha iko wapi. Enkoda ndiyo jicho. Inatoa pulsi kwa njia mbili, A na B, zilizopishana kidogo ili kompyuta ijue spindo inaenda mbele au nyuma, halafu kuna ya tatu, wanaiita Z au indeksi, inayolia mara moja tu kwa kila mzunguko.

Hiyo Z ndiyo iliyonimaliza.

Thredi haikatwi mara moja. Kisu kinapita, kinarudi, kinaingia ndani kidogo, kinapita tena, mara nane au kumi. Kila kikipita lazima kianzie pale pale kilipoanzia mwanzo, la sivyo kinachimba mtaro mwingine kando ya ule wa kwanza. Kwa hivyo kompyuta inangoja Z, inaisikia, halafu inaondoka.

Nilipata kazi kwa jamaa anayeunda mashine za kukamua juisi ya miwa. Alitaka shafti 10, kila moja na thredi ya M16 kwenye ncha, pichi 2. Akanipa vyuma vyake na nusu ya pesa. Kwangu hiyo haikuwa kazi ndogo. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, na nyumbani kila chakula cha jioni kilikuwa na swali ndani yake. Shafti 10 zilikuwa jibu langu.

Enkoda niliyokuwa nayo ilikuwa ya mistari 1,024, ya kama elfu tano hivi ukihesabu na usafiri. Nyuma ya spindo nilifunga puli ya kuprinti ya meno 72. Kwenye enkoda, yenye kishafti cha milimita 6, nikaweka puli ya meno 36 kwa sababu ndiyo niliyoipata Luthuli ikiwa na tundu la saizi hiyo, na nilikuwa na haraka. Kwenye programu nikaandika kwamba hesabu iongezwe mara mbili. Kasi ikasomeka sawa kwenye skrini. Nikajiona injinia.

Nikakata shafti ya kwanza. Thredi ikatoka inang'aa, imepangika, nzuri hata ya kupiga picha. Nikachukua nati ya M16 nikaiweka. Ikacheza. Haikushika kitu. Nikapima kwa kipima thredi, ile seti ya visahani vyenye meno: pichi 1. Nikapima kipenyo kwa kaliba: chini ya milimita 15. Nilikuwa nimeomba 16 kwa pichi 2, mashine ikanipa kitu ambacho hakuna nati duniani inakitaka.

Nikaangalia programu mara tano. Iko sawa. Nikakata ya pili, nayo vile vile. Ya tatu nilibadilisha kisu. Ya nne nilipunguza kasi. Hapo nikaacha, maana vyuma havikuwa vyangu.

Kariobangi Light Industries kuna mzee ambaye huwa ananiachia nikae kwake nikichukua video. Lethi yake ni ya zamani, nzito, haina waya wowote isipokuwa ule wa mota. Nikampelekea shafti moja. Hakuuliza mambo ya kompyuta. Aliizungusha kwenye mwanga, akapitisha ukucha.

"Hii imekatwa mara mbili," akasema.

"Mzee, programu ni moja tu."

"Sijauliza programu. Nauliza kisu kinajuaje pa kuingilia."

Akanionyesha yake. Pembeni mwa kile kibebeo cha kisu kuna kisahani kidogo chenye alama, kinazunguka polepole wakati skrubu kuu inazunguka. Fundi anangoja alama yake ifike, ndipo anafunga ile nati iliyopasuliwa katikati ili kisu kianze kwenda. "Ukifunga kwa alama yako kila mara, unapata thredi. Ukifunga kwa alama yoyote inayopita, unapata skrapu. Yako alama iko wapi?"

Nikamwambia kuna pulsi moja inayolia kila mzunguko.

"Mzunguko wa nani, kijana?"

Manze, nilinyamaza. Mzunguko wa enkoda. Meno 72 yakizungusha meno 36, enkoda inazunguka mara mbili spindo ikizunguka mara moja. Kwa hivyo Z yangu ilikuwa inalia mara mbili, upande huu wa chuma na upande wa pili. Kompyuta ilikuwa inaondoka kwa yoyote iliyoisikia kwanza. Kupita kwa kwanza kunaanzia hapa, kwa pili labda hapa, kwa tatu upande wa pili kabisa, nusu mzunguko mbali. Nusu mzunguko kwa pichi ya 2 ni milimita 1. Mitaro miwili, mmoja katikati ya mwingine, kila mmoja unakula kichwa cha jirani yake. Ndiyo pichi 1. Ndiyo kipenyo kimepungua. Kwenye programu nilirekebisha hesabu ya A na B, lakini Z hairekebishiki kwa kuandika namba. Ikilia mara mbili imelia mara mbili.

Dawa ilikuwa puli ya meno 72 kwa enkoda pia. Hakuna duka lililokuwa nayo ikiwa na tundu la milimita 6, kwa hivyo jamaa mmoja mwenye printa ya 3D alinitolea kwa mia tatu. Meno 72 ya belti ya GT2 yanakupa puli ya kipenyo cha karibu milimita 46, ni kubwa, inaonekana vibaya kwenye kaenkoda kadogo. Na iwe vibaya.

Shafti sita zilizobaki zikatoka poa. Nne nilinunua chuma kingine kwa pesa yangu, nikamkatia. Faida ilibaki kama ya nauli.

Sasa turudi kwa ile namba niliyowapigia kelele. Tufanye hesabu, na hii niliitoa chuo kabla niondoke, sitasema uongo. Enkoda ya mistari 1,024 inatoa mabadiliko 4,096 kwa mzunguko ukisoma kingo zote za A na B. Kompyuta yangu inasoma pini kupitia paralel poti, ile ya pini 25 ya printa za zamani, kila baada ya mikrosekunde 30. Hiyo ni kama mara 33,000 kwa sekunde. Gawanya: mizunguko 8 kwa sekunde, chini kidogo ya 500 kwa dakika, na hapo iko ukingoni kabisa. Juu ya hapo inaanza kupoteza hesabu kimyakimya. Na nilipokuwa na zile puli mbaya, enkoda ikienda mara mbili, kikomo kilikuwa nusu ya hiyo. Ndiyo maana kasi ilikuwa inaruka ruka kwenye skrini nikipita 250, nami nikadhani ni skrini.

Chukua ya mistari 100. Mabadiliko 400 kwa mzunguko. Kompyuta ile ile inaweza kuifuata, kwenye karatasi, mpaka karibu 4,900 kwa dakika, na kilethi changu hakifiki hata 3,000. Eti utapoteza usahihi? Kwa pichi ya 2, kila hatua kati ya hizo 400 ni milimita 0.005. Ile ya 1,024 inakupa 0.0005. Skrubu ya lethi yangu ina uhuru wa 0.1 kabla haijaanza kusukuma kitu. Nilikuwa nanunua rula yenye alama ndogo kuliko vumbi, ya kupimia mlango uliopinda.

Kuna watu wana haki ya kununua namba kubwa. Kama una kadi za Mesa au bodi nyingine inayohesabu kwa chipu yake na siyo kwa programu, 1,024 ni chakula kidogo tu. Lakini angalia pia enkoda yenyewe. Zile za familia ya Omron E6B2 ambazo nakala zake zimejaa sokoni, ya asili ina kikomo cha kilohezi 100 kwa kila njia na mizunguko 6,000 kwa dakika. Ukichukua ya mistari 2,000, hesabu inakufungia kwa 3,000 kwa dakika.

Na upande wa pili kabisa kuna wale wa pulsi moja. Mach3 na paralel poti ilikuwa inatumia pulsi moja kwa mzunguko, basi, na watu wamekata thredi nayo miaka mingi. Kasoro ni kwamba spindo ikizama katikati ya chuma, kompyuta haijui mpaka mzunguko uishe. Kwa mota yenye nguvu na mikato midogo, inaenda. Kisahani cha bati chenye tundu moja na sensa ya mwanga, umemaliza. Ukikata nafasi 50 pembeni na kuweka sensa mbili zilizopishana robo ya nafasi, pamoja na ile ya tundu, tayari una A, B na Z ulizojitengenezea, na lethi ya mtaani itakushukuru.

Nusu ya inboksi yangu lakini si watu wa lethi. Ni watu wa rauta za mbao, wale wa kuchonga vitanda na vibao vya majina. Nisikilize: hamhitaji. Ile spindo ya kupoza kwa maji inaenda mpaka 24,000 kwa dakika, na hiyo enkoda ya 6,000 itakufa hapo kabla ya chai. Tena kasi unaijua tayari. Invata ikisoma hezi 400 na mota ni ya poli mbili, uko 24,000, toa kidogo ya kuteleza. Mbao haijali hicho kidogo. Nunua visu vikali na hiyo pesa.

Na kama ubongo wa mashine yako ni Arduino Uno yenye Grbl ya kawaida, hakuna hata pa kuchomeka. Grbl hiyo haifuati spindo. Kuna grblHAL kwa bodi zenye nguvu zaidi kama Teensy 4.1, hiyo inaweza. Uliza swali hili kabla ya kutuma pesa, mimi sikuwaambia muulize.

Wenye mashine ya kupasua chuma wanaotaka kukata thredi ya ndani kwa tepu, nyinyi mnahitaji A na B kweli kweli, kwa sababu spindo lazima ibadilishe mwelekeo ndani ya tundu na kisu kiifuate ikirudi. Lakini hata nyinyi mnaweza kuchonga thredi kwa kisu kinachozunguka tundu polepole, na hiyo haitaki enkoda kabisa. Kwa matundu matano kwa mwezi, mimi ningeenda hivyo.

Kuhusu kufunga, nitarefusha hapa kwa sababu hapa ndipo pesa inapotea.

Funga kwa spindo. Usifunge kwa mota. Najua nyuma ya mota kuna nafasi nzuri, hata kishafti kimejitokeza kama kinakuita. Kati ya mota na spindo kuna belti, na belti ya V inateleza kisu kikiuma. Enkoda itaripoti mota ilichofanya, chuma kitafanya kingine. Kwa sababu hiyo hiyo belti ya enkoda iwe ya meno. Mzee alinieleza vizuri kuliko mwalimu yeyote: "Wewe ulitoa gia ukaweka waya. Basi huo waya ufanye kazi ya gia, na gia haitelezi."

Usizibe tundu la spindo. Nilijaribu kuunganisha enkoda moja kwa moja nyuma, katikati, ikakaa safi. Siku ya kwanza nikataka kupitisha chuma kirefu kupitia spindo, nikakuta nimejifungia mlango. Hii ndiyo sababu pia zile chipu za sumaku hazinifai kwa lethi, maana sumaku inatakiwa ikae katikati kabisa mbele ya chipu. Kwa mashine ambayo nyuma ya spindo ni wazi kwako, ni nzuri na rahisi, lakini sumaku iwe ile ambayo kaskazini na kusini zimegawana uso wake, na chipu iwe inayotoa A na B, kama AS5047P. AS5600 ambayo kila mtu anauza haizitoi hizo, ni ya kuulizwa polepole swali moja moja.

Usigonge puli kwa nyundo. Beringi za ndani ni ndogo kama za kichezeo, na kuna enkoda ambazo kisahani chake ni kioo. Tumia skrubu ya pembeni. Belti ikaze kiasi cha kutoruka meno tu. Ukiunganisha shafti kwa shafti, weka kapulingi inayonyumbulika, maana hakuna mkono wa binadamu unaofunga vitu viwili kwenye mstari mmoja kabisa.

Waya: nyingi za bei yetu ni za kolekta wazi, yaani zinavuta chini lakini hazisukumi juu. Bila rezista ya kuvuta juu hadi volti 5 utaona ukimya, utasema umeuziwa feki, utamtukana muuzaji wa watu. Niliwahi kumtukana mmoja. Kisha peleka kebo mbali na ile ya invata, itumie yenye ngao, na ngao uiunge ardhini upande mmoja. Kama mota yako iko kwa invata na kebo ni ndefu, lipa zaidi upate enkoda ya kutoa ishara kwa jozi za waya, ile ya volti 5. Hapo ndipo ningeongeza pesa, siyo kwenye mistari.

Kabla hujagusa chuma cha mtu, zungusha spindo kwa mkono. Weka alama ya kalamu kwenye chaki ya lethi na nyingine kwenye fremu. Fungua skrini ya ishara, zungusha mara 10, hesabu Z. Zikiwa 10, kata. Zikiwa 20, au 11, au 9, simama hapo. Inachukua dakika mbili. Mimi sikuifanya kwa sababu kasi ilikuwa inasoma vizuri.

Kijana wa Eldoret nilimwambia afanye hivyo. Akarudi na picha: meno 60 nyuma ya spindo, 20 kwenye enkoda. Z zake zilikuwa 30. Ile puli ya 20 aliipata kutoka kwa orodha niliyoweka chini ya video yangu.

Video nimeiacha, lakini orodha nimeitoa, na maandishi haya nimeyabandika juu. Puli ya meno 60 yenye tundu la milimita 6 imeprintiwa jana, iko kwa gari la usiku. Mia tatu na nauli, juu yangu. Yule jamaa wa juisi ya miwa alichukua shafti zake zote 10, akasema ziko sawa. Bado hajanipigia tena.